Mwambao Usio na Chumvi

Redio ya bibi ilikuwa ikifuturu kabla yetu. Tulikaa barazani Ujiji, Kigoma, mtaa wa Kitongoni, wajukuu saba tumeizunguka redio ya betri kubwa, uji wa pilipili manga umefunikwa kwenye sufuria, tende zimehesabiwa tatu tatu, muhogo umeungwa kwa mawese. Mara adhana ya Magharibi inatoka Dar es Salaam, na sisi wote tunageuka kuangalia Ziwa Tanganyika. Jua bado liko juu ya milima ya Kongo, kubwa, jekundu, limekaa zake. Dar wanakunywa maji. Sisi tunameza mate.

"Bibi, mbona wao wameshafungua?"

"Walianza kabla yetu. Jua linaamkia kwao, linalala kwetu. Tulieni."

Kigoma iko karibu digrii kumi magharibi ya Dar es Salaam, na kila digrii ni dakika nne za jua. Saa ya ukutani ni moja nchi nzima, lakini jua halina habari na saa ya ukutani. Kwa hiyo Dar wakishakaa kwenye jamvi, sisi tunabakiwa na karibu dakika arobaini za kuvumilia. Kwa sababu hiyo hiyo watoto wa Kigoma wanatoka nyumbani kwenda shule kukiwa bado na kiza, wamefunga masweta, wanatambuana kwa sauti. Mtoto wa Ujiji analijua jambo hili kabla hajajua kusoma.

Shuleni tulifundishwa kwamba nchi yetu ni nchi ya pwani. Tulichora ramani, tukapaka bahari bluu kutoka Tanga hadi Mtwara, tukaandika Bagamoyo, Kilwa, Mafia, Unguja na Pemba. Kisha mwalimu akataja mambo ya utamaduni wa pwani: nyumba zenye baraza, kanzu na kofia, kanga, madrasa, mashairi, taarabu, na Kiswahili chenyewe. Mimi nilikuwa nakaa dirishani. Kila alichokitaja nilikuwa nakiona nje. Baba mkubwa anapita na kanzu yake ya Ijumaa. Wanawake wawili wamekaa kwenye baraza la jirani wanasukana. Sauti za watoto wa chuo zinapanda na kushuka na juzuu. Nyuma ya paa za mabati, maji yanafika mpaka upeo wa macho, na watu wote wa huko kwetu wanaita kando ya maji hayo mwambao. Vijiji vya mwambao, boti za mwambao, watu wa mwambao. Kilichokosekana ni chumvi tu.

Nikamuuliza mwalimu, na sisi ni pwani? Akasema hapana, nyie ni bara, mambo haya mliletewa na misafara ya Waarabu.

Neno hilo, mliletewa, limenikaa miaka mingi. Nimelisikia Dar, nimelisoma kwenye vitabu, nimelisikia hata kwa watu wa Ujiji wenyewe wakijieleza kwa wageni. Sasa ninaamini kwamba halikuwa sahihi, na ninataka kueleza kwa nini.

Mama yangu ni Mnyamwezi wa Tabora, upande wa Unyanyembe. Kwa watu wa mama, safari ya pwani ni ya zamani kuliko Mwarabu yeyote aliyewahi kujenga nyumba Tabora. Wanyamwezi walishafika baharini na misafara yao wenyewe, wamebeba pembe za ndovu, mnamo 1800 hivi, wakati wafanyabiashara wa pwani walikuwa hawajaanza kupanda bara kwa wingi. Hata jina lenyewe walipewa kule: watu wanaotoka magharibi, upande mwezi mchanga unakoonekana. Na kabla ya pembe, zilikuwepo biashara nyingine ambazo hazikumhitaji mtu wa pwani hata kidogo. Majembe ya chuma yalitembea kutoka kwa wafuaji hadi kwa wakulima. Na chumvi ilitoka Uvinza, kwenye chemchemi za maji ya chumvi karibu na mto Malagarasi, ambako watu wamekuwa wakichemsha maji hayo kwa zaidi ya miaka elfu moja. Treni ikisimama Uvinza, utotoni kwangu, akina mama walikuwa wanakuja madirishani na vifuko vya chumvi. Mama alinunua kila safari, hata kama nyumbani tunayo. "Chumvi ya kwetu," alikuwa anasema, kana kwamba ile ya dukani ni ya mtu mwingine.

Basi njia ile ambayo vitabu vinaiita njia ya misafara ya Waarabu ilikuwa tayari imekanyagwa vipande vipande na miguu ya watu wa chumvi, wa majembe na wa pembe. Wafanyabiashara wa Unguja na wa Mrima, pwani inayotazamana na Unguja, walipopanda kwa wingi, katikati ya karne ya 19, waliifuata. Wakajenga makao Unyanyembe, mahali ambapo wageni walipaita Kazeh na leo ni Tabora. Wengine wakaenda mbele mpaka Ujiji, wakavuka ziwa, wakaingia Manyema. Wapelelezi wa Kiingereza, Burton na Speke, walitoka pwani Juni 1857 na kuona maji ya Tanganyika Februari 1858, na katika safari hiyo yote walikuwa wanafuata njia ambayo kila mpagazi wao aliijua.

Na wapagazi hao ndio ninaotaka tuwatazame kwa makini. Mzigo wa kawaida ulikuwa kama frasila mbili, yaani kilo thelathini na kitu, begani au kichwani, kutoka bara hadi baharini, miezi mitatu kwenda ikiwa hakuna vita wala ukame. Kijana wa Kinyamwezi ambaye hajaona bahari alikuwa bado hajahesabiwa mwanamume mbele ya wenzake. Alikwenda na pembe, akarudi na kaniki, na shanga, na waya wa shaba, na maneno. Alirudi na namna ya kufunga kilemba, na ngoma aliyoiona Bagamoyo, na salamu mpya, na pengine dini mpya. Hakuna aliyempelekea. Alikwenda mwenyewe kwa miguu yake, akachagua anachokitaka, akakibeba hadi nyumbani. Na huko pwani aliacha vyake pia, maana miji ile ya pwani ilijaa wageni hawa msimu hadi msimu, na wengi hawakurudi.

Ushahidi ninaoupenda zaidi ni utani. Mjomba wangu, kaka yake mama, alifia Buguruni, Dar es Salaam, baada ya kuishi huko miaka zaidi ya thelathini. Siku ya maziko, kaburi limeshachimbwa, akatokea mzee mmoja wa Kizaramo, akaingia kaburini, akalala chali, akakunja mikono. Hatoki. "Huyu Mnyamwezi alikuwa na deni langu. Ananidai na mimi namdai. Nilipeni au nizikeni mimi." Mimi nilikuwa binti wa miaka kumi na tisa, macho yamevimba, nikataka kumpigia kelele. Mama akanishika mkono. Akafungua pindo la kanga, akatoa hela, akazitupa kaburini huku analia na kucheka. Mzee akatoka, akajipangusa udongo, kisha akawa mtu wa kwanza kushika jeneza na wa mwisho kuondoka makaburini. Usiku ule mama akanieleza: Wazaramo na Wanyamwezi ni watani tangu enzi za misafara. Wapagazi walipita katika nchi ya Wazaramo kabla ya kufika baharini. Walipigana, wakanyang'anyana, wakapatana, wakazikana. Utani ndio hati ya mapatano yale. Haikuandikwa popote, na bado inafanya kazi kwenye msiba wa Buguruni.

Ukitaka kujua utamaduni wa pwani umetengenezwa na nani, nenda kwenye msiba kama huo.

Upande wa baba ndio mgumu kuuandika. Kwa baba sisi tunaitwa Wamanyema. Manyema ni nchi, iko Kongo, magharibi ya ziwa, lakini Ujiji jina hilo ni mwavuli. Chini yake wapo waliokuja kufanya biashara, waliokuja kuolewa, waliokuja kama askari wa misafara, na waliokuja wamefungwa. Ujiji ilikuwa kituo cha biashara ya watumwa. Watu walivushwa ziwa kwa mitumbwi na majahazi, wakashushwa kwenye mwalo wetu, wakauzwa hapa au wakapelekwa mbele, Tabora, kisha pwani. Soko la Unguja lilifungwa 1873, lakini utumwa wenyewe Tanganyika bara haukufutwa kwa sheria mpaka 1922. Hesabu miaka hiyo, utaona kwamba bibi yangu alilelewa na watu walioyaona mambo hayo kwa macho yao.

Nilimuuliza mara moja tu. Tulikuwa tunachambua dagaa. "Bibi, sisi tulifikaje Ujiji?"

"Tulikuja na maji."

"Tulikuja kama nani?"

Akaendelea kuchambua. Baada ya muda mrefu akasema, "Mama yangu alikuwa hapendi kamba. Hata ya kuanikia nguo. Alikuwa anaanika juu ya majani." Hakuongeza neno, nami sikuuliza tena mpaka alipofariki.

Ninajua familia nyingi za Ujiji zenye ukimya wa namna hii. Mtu anajua kusoma nasaba ya mjomba wa jirani hadi Omani, lakini ya kwake inaishia kwenye maji. Sina lawama kwa wazee. Mtu aliyeingia mjini bila ukoo alijenga ukoo kwa vitu vilivyokuwepo: dini, adabu, Kiswahili fasaha, kanzu safi, nyumba yenye baraza ambapo mgeni anakaribishwa bila kuulizwa alikotoka. Ninapoona baraza la Ujiji hivi leo, naliona kwa jicho hilo. Watu walioteswa kwa ajili ya walikotoka walijenga mji ambao kumuuliza mgeni anakotoka ni utovu wa adabu. Hilo ndilo jambo zuri kuliko yote ninayoyajua kuhusu kwetu, na halimo kwenye kibao chochote cha makumbusho.

Kibao kilichopo ni cha Livingstone na Stanley. Walikutana Ujiji Novemba 1871, chini ya mwembe, na miembe iliyopo sasa tunaambiwa ni uzao wa ule wa awali. Wageni wanapiga picha, wanarudia yale maneno maarufu ya salamu, wanaondoka. Ziwa nalo limesogea mbali na pale tangu siku zile. Nikiwapeleka wageni huwa nawaomba wakae kidogo, nawaeleza habari za Abdullah Susi na James Chuma, watumishi wa Livingstone. Susi ndiye aliyemkimbilia Stanley kabla hajafika kwa bwana wake. Na Livingstone alipofariki 1873, wao wawili na wenzao ndio walioubeba mwili wake kwa miezi mingi mpaka Bagamoyo, wakifika mwanzoni mwa 1874. Watu wa bara, tena, na mzigo begani, kuelekea baharini.

Tabora ina fahari yake, nami kwa upande wa mama nina haki nayo. Kabla ya vita vya 1914, Tabora ndio uliokuwa mji wenye watu wengi kuliko miji yote ya koloni la Wajerumani, Dar es Salaam ikiwemo. Dar yenyewe ilikuwa changa: Sultani Majid alianza kuijenga miaka ya 1860 karibu na kijiji cha Mzizima, na ilipewa kuwa makao makuu ya Wajerumani 1891. Reli ilianza kujengwa kutoka Dar 1905, ikafika Tabora 1912, ikafika Kigoma 1914, kilomita zaidi ya 1,200. Reli ile ndiyo iliyopindua mambo. Safari ya miezi ikawa safari ya siku mbili, upagazi ukafa, na bandari iliyokuwa mwisho wa njia ikaanza kuwa mwanzo wa kila kitu. Ujiji nayo iliachwa pembeni. Wajerumani walitaka ghuba yenye kina kwa ajili ya meli, wakaikuta Kigoma, kilomita chache kutoka kwetu. Stesheni nzuri ikajengwa pale, mji wa ofisi ukaota pale, na Ujiji ikabaki na miembe, misikiti na wazee. Mpaka leo jina rasmi la manispaa ni Kigoma Ujiji, na mpaka leo mtu wa Ujiji akitoka kwenda ofisini anasema "nakwenda Kigoma," kama vile ni safari.

Lakini mambo makubwa ya nchi yaliendelea kufanyika bara. Mwalimu Nyerere alisoma Tabora, akafundisha Tabora. Januari 1958 TANU ilikutana Tabora na kukubali kuingia kwenye uchaguzi wa kura tatu, ambao kila mpiga kura alipaswa kumchagua Mwafrika, Mzungu na Mwasia, uamuzi uliokuwa karibu ukipasue chama, na miaka isiyozidi minne baadaye nchi ilikuwa huru. Sitaki kupiga chumvi, ila sioni kwa nini mtoto wa Tabora aambiwe kwamba historia ilikuwa pwani na yeye alikuwa anaisubiri stesheni.

Agosti 2022 karani wa sensa alibisha hodi kwetu, binti mdogo na kishikwambi chake. Nilikuwa nimerudi likizo. Alimuuliza baba umri, elimu, kazi, vyanzo vya maji, aina ya choo, idadi ya waliolala humo usiku wa kuamkia tarehe 23. Baba alijibu yote kwa heshima. Mwishoni akauliza, "Na kabila huandiki?" Binti akasema swali hilo halimo. Mara ya mwisho liliulizwa kwenye sensa ya 1967. Baba akafurahi sana, nikashangaa. Akasema, "Vizuri. Ningekupa jina la nchi ambayo sijawahi kuiona."

Majibu yalipotoka, tulikuwa watu 61,741,120. Miaka kumi kabla yake tulikuwa milioni 44.9. Dar es Salaam peke yake watu 5,383,728, karibu tisa katika kila mia. Mkoa wa Tabora milioni 3.39, mkoa wa Kigoma milioni 2.47. Nilikwenda moja kwa moja kwenye mstari wa Manispaa ya Kigoma Ujiji: 232,388. Mwaka 2012 tulikuwa 215,458. Nchi imeongezeka zaidi ya theluthi, mji wetu umeongezeka watu elfu kumi na saba. Nilitazama namba zile nikawaona darasa langu zima. Tulikuwa hamsini na sita. Nikihesabu waliobaki, vidole vya mikono miwili vinatosha. Wengine wako Kariakoo, Mbagala, Gongo la Mboto, wanauza vitenge, wanaendesha bodaboda, wanafundisha, wanaimba. Wapagazi wanaendelea kwenda pwani. Tofauti ni kwamba zamani wengi walirudi na mzigo.

Huko Dar tunaitwa Wakongo. Nilipohamia kwa masomo, mwenye nyumba aliniuliza kabila, nikasema Mmanyema, akasema "aa, Mkongo," bila ubaya. Nilimwambia kwamba mwendo wa dakika chache kutoka nyumbani kwake, Kariakoo, kuna Msikiti wa Manyema, na kwamba watu wa huko kwetu walikuwa na viwanja na nyumba katika mitaa ile tangu Kariakoo inaota. Alikuwa amepita mbele ya msikiti ule maisha yake yote. Jina ameliona, hakuwahi kujiuliza.

Kwa mwenye nyumba lilikuwa neno tu. Kwenye ofisi moja niliyokwenda kuomba hati lilikuwa jambo la miezi minane. Nilipeleka cheti changu cha kuzaliwa, cha baba, barua ya mtaa. Nikaambiwa nilete cha babu. Babu alizaliwa wakati hakuna vyeti. Nikaambiwa nilete wazee wanaomfahamu. Wazee wawili wa Kitongoni wakapanda gari, wakakaa kwenye benchi kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa nane mchana, kisha wakaulizwa kwa nini lafudhi yao ni ya Kikongo. Mmoja wao, ambaye mwaka 1961 alikuwa kijana na alisimama uwanjani usiku bendera inapandishwa, alinyamaza kabisa. Njia nzima ya kurudi hakusema kitu. Hati niliipata. Lakini ukimya wa yule mzee garini ulikuwa ukimya wa bibi wakati ule wa dagaa, na nilikuwa nimeamini kwamba ulikwisha na kizazi chao. Watu wa Kigoma wanaujua vizuri usumbufu huu, Waha wanaambiwa Warundi, sisi tunaambiwa Wakongo. Mkoa huu umepokea wakimbizi kwa miongo. Kambi ya Nyarugusu, Kasulu, ipo tangu 1996. Anayepokea wageni kwa niaba ya nchi nzima hastahili kuhesabiwa mgeni.

Nenda mwalo wa Kibirizi asubuhi, usikilize. Boti zimetoka Kalemie, Uvira, Baraka. Mtu anakwambia "aksanti, niko nakuja," mwingine anajibu kwa Kiha, wa tatu anapatanisha bei kwa Kiswahili cha Ujiji chenye "ndugu yangu wee" nyingi. Nilipokuwa mdogo tuliwacheka Wakongo kwa Kiswahili chao. Nilikuja kuacha nilipotambua kwamba Kiswahili chao na changu vilisafiri katika mtumbwi mmoja. Kilivuka ziwa pamoja na misafara, wao wakakizoea, wakakikuza kwa namna yao, na leo ni mojawapo ya lugha nne za taifa zilizotajwa kwenye katiba ya Kongo. Kanga zinatujia kutoka mashariki kwa treni, vitenge vinatujia kutoka magharibi kwa boti, na kabati la mwanamke wa Ujiji lina vyote viwili, pamoja na maoni makali kuhusu kipi kinavaliwa kwenye shughuli gani.

Samaki ni migebuka, kuhe, na dagaa wadogo wanaovuliwa usiku wa kiza kwa mwanga wa taa, hata ukisimama mlimani Bangwe unaona mji mwingine umewaka juu ya maji. Mwaka 2024 ziwa lilifungwa miezi mitatu, katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti, ili samaki wapumzike. Taa zile zilizimika. Maji nayo yamepanda miaka hii, yamekula nyumba na sehemu za kuanikia dagaa. Meli Liemba, iliyoundwa Ujerumani 1913, ikazamishwa na Wajerumani wenyewe 1916, ikaibuliwa na kurudi kazini 1927, ilikuja kukaa bandarini ikingoja matengenezo. Vijiji vya mwambao vya kusini vilikuwa vinaisubiri mitumbwi ikiwa tayari kwenye maji, mama na kuku wake, mzee na magunia yake, mlango wa ubavuni unafunguka na watu wanavutwa kwa mikono. Sijaona bandari ya bahari yenye kishindo kama kile.

Reli mpya ya kisasa inajengwa. Dar hadi Dodoma watu wanasafiri tangu 2024, na kipande cha Tabora hadi Kigoma kina mkataba. Ninaingojea kwa hamu kubwa, na ninatamani itakapofika isije tu kuchukua watu.

Shangazi yangu, dada wa mwisho wa baba, anakaa Kariakoo tangu alipoolewa. Kila Ramadhani ananipigia simu wakati ule ule, akishakunywa maji ya kwanza. Siku hizi nakaa Ujiji tena, baraza ni lile lile, redio ya bibi iko kabatini imekufa, ratiba ya futari ya Kigoma ninayo kwenye simu. Mwaka huu alipiga nikiwa nimeshapanga vikombe.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Mmefuturu?"

"Bado. Jua liko juu ya Kongo."

Nikasikia anaita wajukuu wake wapunguze sauti ya televisheni. Nikasikia kikombe kinawekwa chini.

"Basi ngoja nikae na nyie," akasema, na hakukata simu.